Bwana Majivu Hajafa, Nina Ushahidi

Jumatatu, 4 Machi

Mkutano wa mashabiki umeenda vibaya. Mfamasia alizungumza muda mrefu na hakuna aliyepiga mwayo. Nikizungumza mimi, watu hutazama simu zao.

Tulikutana nyuma ya duka la miwani ninakofanya kazi, kwenye chumba cha kupimia macho. Bosi anaruhusu mradi tufagie tukimaliza. Hoja ni ile ile tangu Sehemu ya Pili ya filamu yetu itoke: Bwana Majivu, dhalimu wa sayari saba, alikufa au hakufa? Alitumbukia kwenye tanuru la nyota, hilo kila mtu aliliona. Lakini kofia yake ya chuma ilionekana ikiyeyuka? Haikuonekana! Nimesema hivyo tangu siku ya kwanza. Mtu ambaye kofia yake haijayeyuka hajafa.

Mfamasia akajibu kwa ile sauti yake ya kumweleza mgonjwa dawa. Akasema fimbo ya Bwana Majivu huwaka maadamu mwenyewe yu hai, na kwenye picha ya mwisho fimbo ilizimika. Amekufa, akasema, na akatupa pole. Watu wakaguna kukubali. Hata mshona viatu aliguna, na kundini nilimwingiza mimi!

Nikapandwa na hasira. Nikatangaza kwamba Sehemu ya Tatu inatoka Ijumaa ya wiki ijayo, na kama Bwana Majivu amekufa kweli, nitaachia uenyekiti na kusimama mbele ya ukumbi mzima niseme Mfamasia ana macho na mimi sina. Mimi, fundi miwani! Nilijisikia nikiyasema na sikuweza kujizuia. Mfamasia akanipa mkono haraka mno.

Mdomo uliponza kichwa. Bila uenyekiti mimi ni nani? Mtu wa kukaza skrubu za miwani.

Jumanne, 5 Machi

Ukombozi uko mezani kwangu, unachovya mkate kwenye chai.

Tunaishi kwa baba mkwe, mimi na mke wangu. Filamu zile huja na maneno ya kigeni. Kampuni ya hapa huyatoa na kuweka ya kwetu. Na anayemtia sauti Bwana Majivu ni baba mkwe. Ndiyo, yeye. Mzee mwembamba anayemwomba paka radhi akimkanyaga mkia. Akikaa mbele ya kipaza sauti, watoto wa mtaa mzima hujificha chini ya viti.

Sasa, siku hizi hutoka kila asubuhi na chupa ya chai, skafu shingoni. Anasema anakwenda kukandwa goti. Goti! Nani hulinda goti kwa skafu ya shingoni? Skafu inalinda koo. Koo linalindwa kwa kazi. Kwa hiyo wanarekodi, kwa hiyo Bwana Majivu anasema, na maiti hasemi. Mambo mengine hayahitaji chuo kikuu.

Mkwe haulizwi moja kwa moja, kuna adabu. Nikapitia mbali. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamuuliza kama goti siku hizi linasema sana. Akanitazama mpaka mkate ukamkatikia kwenye kikombe. Akajibu kwamba goti linaendelea, Mungu ashukuriwe. Mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza.

Jikoni akanionya nisimuulize baba habari za kazi wala za filamu ile, hasa wiki hii. Hasa wiki hii! Hakujua amenipa nini.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemfuata.

Bosi nilimwambia jino linauma. Baba alitembea polepole, mimi nyuma yake nikijibanza kwenye milango ya maduka. Hakwenda kukandwa kokote. Alikwenda studio, lile jengo jeupe nyuma ya kiwanda cha uchapaji.

Mlinzi anamfahamu. Alimletea kiti, akampa nusu ya gazeti lake. Baba akakaa pale pale langoni na chupa yake ya chai. Mimi nikajificha nyuma ya makopo ya duka la rangi. Magari yaliingia, magari yalitoka. Kila gari likiingia, baba alisimama na kuvua kofia. Jua likanichoma, naye akaendelea kukaa. Nimeelewa: wasanii wakubwa hawaingii mpaka chumba kiandaliwe.

Bosi alipita akaniona kati ya makopo. Akauliza ni jino lipi. Nikashika shavu la kulia. Baadaye dukani nikasahau nikashika la kushoto.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemsikia.

Asubuhi nilisimama kwenye korido na taulo begani nikisubiri zamu yangu ya bafu. Baba alikuwa ndani. Bomba linalia kama kawaida, iiii, iiii. Bomba hilo nimemwahidi mke wangu kulitengeneza, na nitalitengeneza, mtu hafanyi kila kitu. Basi bomba likalia, na juu ya kilio chake ikaja ile sauti. Siyo ya baba. Ya Bwana Majivu!

"Mlinizika mapema. Mimi sijafa. Nifungulieni mlango, niingie."

Nilisogeza sikio mlangoni. Akarudia. Mara ya pili alisema polepole zaidi, na kwenye neno niingie sauti ikamkatika kidogo. Kipaji! Simu ilikuwa mkononi. Sikuitafuta, ilikuwa mkononi tu. Alipoanza mara ya tatu nikabonyeza.

Ni kwa masikio yangu peke yangu. Nimeapa kwa afya ya mama yangu. Ni ya kunipa moyo hadi Ijumaa, basi.

Jioni baba alirudi na nyama, jambo ambalo halijatokea tangu mwaka uanze. Aliimba akivua viatu. Mke wangu alimkumbatia mlangoni na wote wawili wakanyamaza nilipotokea. Mkataba wa siri, bila shaka. Nilikula nyama nikijua ninachojua.

Jumamosi, 9 Machi

Nilitaka kunyamaza. Naandika hapa ili ieleweke kwamba nilitaka.

Lakini Mfamasia alikuja na picha ya ile fimbo, ameikuza, ameibandika juu ya ubao wangu wa herufi za kupimia macho. Akawaita watu mmoja mmoja wasogee waione imezimika. Wakasogea! Kisha akashauri, kwa upole wake wa sumu, kwamba ili tusisumbuke Ijumaa, kiti cha mwenyekiti kihamishwe leo. Mshona viatu akashika kiti. Nilikuwa bado nimekikalia.

Nikatoa simu.

Sauti ikajaa chumba. Mlinizika mapema. Mimi sijafa. Mshona viatu aliachia kiti akajifuta macho. Nikaicheza tena bila kuombwa. Nilijiona nimerefuka.

Mfamasia peke yake hakutikisika. Akauliza nimeitoa wapi. Nikasema nina watu wangu. Akauliza kinacholia nyuma ya maneno ni nini. Nikasema ni mlango wa chombo cha anga ukifunguka. Akaendelea kunitazama.

Mshona viatu akaomba nimtumie, asikilize akishona. Nilikataa. Kisha nikakubali, kwa sharti asimpe mtu. Akaapa. Ni mtu wa dini.

Jumapili, 10 Machi

Amempa dada yake tu. Dada yake amempa mume wake tu.

Asubuhi nimeisikia kwa muuza nyanya. Nimeisikia kwenye kituo cha mafuta. Kijana mmoja alipita na baiskeli ameiweka kwa sauti ya juu, iiii, mlinizika mapema, iiii. Nilirudi nyumbani mbio nikafunga madirisha. Mke wangu akauliza kwa nini nafunga na joto lote hili. Nikasema vumbi.

Adhuhuri simu ya baba ililia. Alisimama kuipokea, kama mwanafunzi. Hakusema chochote ila ndiyo, sawa, nimeelewa. Akakaa chini bila kutazama kiti kilipo, bahati kilikuwepo. Akatuambia kuna mtu amesambaza sauti yake. Kampuni imekasirika, inamtaka kesho asubuhi, na kazi aliyopewa Ijumaa imesimamishwa hadi ijulikane nani kafanya hivyo.

Mke wangu aliweka kijiko chini. Mimi nikasema watu wabaya sana siku hizi.

Baba alichukua chumvi, akairudisha bila kuitia. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. Aliiambia chumvi. Lakini nilitokwa na jasho hadi kwenye vifundo vya miguu.

Jumatatu, 11 Machi

Amerudi kutoka studio. Walimkalisha chumbani wakamchezea ile sauti mara nyingi. Wanadhani ni mtu wa ndani ya kampuni. Yeye amewaambia hajui, ila kuna kitu kinalia humo, na kilio hicho amewahi kukisikia mahali.

Hakuvua hata kofia. Aliingia bafuni akafungua bomba. Iiii. Akafunga. Akafungua. Iiii. Akafunga. Nilikuwa mezani na tonge mdomoni, halipandi wala halishuki. Mke wangu alikuwa akinitazama mimi, si bafu.

Baba akatoka. Akasema mabomba ya namna hii yako nyumba nyingi. Akasema pia kampuni imempa hadi Jumatano kumtaja mtu, la sivyo kazi inakwenda kwa mwingine. Akaingia chumbani kwake akafunga mlango taratibu. Angeubamiza ningepumua.

Nifikiri. Ushahidi ni bomba. Bila kilio hakuna ushahidi. Usipoziba ufa utajenga ukuta! Kesho natengeneza bomba.

Jumanne, 12 Machi

Nilimwambia Bosi jino limerudi. Akauliza la upande gani leo. Nikaenda.

Nilinunua mpira wa bomba, nikaazima spana kwa jirani. Nilisahau kufunga maji ya nyumba. Maji yalipiga dari, yakapiga kioo, yakanipiga mimi. Nilipambana. Nikakaza, nikalegeza, nikakaza tena. Na mwisho, kimya! Nilifungua bomba na maji yakashuka bila neno. Nilikaa ukingoni mwa beseni, nimelowa chapachapa, nikajiona mtu mwenye akili kuliko wote mjini.

Baba akaja. Akaenda kunawa. Nilisubiri nje na kitambaa mkononi, mkwe mwema.

Maji yalifunguka. Yakafungwa. Yakafunguka.

Alitoka mikono ikimdondoka maji, hakukichukua kitambaa changu. Akauliza nani ametengeneza. Nikasema mimi, baba, nilikuwa na nafasi.

"Miaka miwili bomba hili limelia ukilisikia," akasema. "Leo ndiyo limekutia huruma?"

Nilikikunja kitambaa mara nne. Naye akaenda chumbani kwake.

Mke wangu alinivuta jikoni na kunieleza yote, kwa sauti ya chini, jambo ambalo ni baya kuliko kelele. Baba hana kazi tangu mwaka jana. Kampuni ilimwambia Bwana Majivu amekwisha, na sauti yake imekwisha naye. Kila asubuhi alikwenda langoni pale kungoja gari la mkurugenzi, aombe chochote. Na yale maneno ya bafuni hayamo kwenye filamu yoyote. Ni ya kwake. Alikuwa akijifunza atakavyomwambia mkurugenzi, na aliyasema kwa sauti ya Bwana Majivu kwa sababu kwa sauti yake mwenyewe anaona haya kuomba. Ijumaa alipata ujasiri. Akapewa kumtia sauti mlinda lango mmoja mzee wa Sehemu ya Tatu, mwenye maneno machache. Akanunua nyama.

Niliona aibu. Naandika wazi, niliona aibu hadi nikashika meza. Nilimkumbuka akivua kofia kwa kila gari, nami nyuma ya makopo nikimwita msanii mkubwa.

Halafu likanijia la pili: basi Bwana Majivu amekufa kweli! Uenyekiti wangu! Na hilo, Mungu anisamehe, ndilo lililonitoa machozi.

Jumatano, 13 Machi

Niliamka na mpango. Niende studio, niseme ni mshona viatu. Hana cha kupoteza kule, viatu vitashonwa tu. Nilimweleza mke wangu. Akaniletea begi langu la safari na kuliweka kitandani, wazi, tupu. Akasema niende studio nikaseme ukweli, au nianze na mashati.

Nilichagua ukweli, lakini nilichelewa kufunga kamba za viatu. Baba alikuwa ameshatoka.

Nimengoja asubuhi nzima kwenye ngazi. Bosi alipiga simu, sikupokea. Ikiwa kazi imemtoka, sitaweza kula kwenye meza ile tena. Kila mtu aliyepinda kona nilidhani ni yeye. Alipotokea kweli alitembea kama siku zote, na uso wake haukunipa chochote.

Akakaa ngazini kando yangu. Akanieleza kwamba amewaambia alijirekodi mwenyewe, bafuni kwake, na kama maneno yale yamo kwenye filamu yao wamwonyeshe. Wamepekua filamu nzima. Hayamo. Mkurugenzi akauliza nani aliyaandika. Baba akasema ni yeye. Mkurugenzi akampa onyo, na leo hii hii wamerekodi mlinda lango.

"Nimesema ni mimi kwa sababu aibu ya mkwe ni aibu ya nyumba," akasema. "Lakini simu yako isikanyage tena korido ile, mwanangu."

Mwanangu! Nilipiga magoti pale pale ngazini. Nililia, nikaapa, nikambusu mkono. Akasema inatosha, majirani wanatazama. Mimi ni mtu mpya.

Ijumaa, 15 Machi

Onyesho la saa tisa. Ukumbi umefurika. Mimi mbele kabisa, Mfamasia kulia kwangu na pakiti ya pipi zake za koo. Baba na mke wangu nyuma. Mfukoni nilikuwa na hotuba ya kukiri kushindwa, fupi, ya kiume. Nilikuwa tayari. Mtu mpya.

Filamu ikafunguka kwa mazishi. Fimbo imelazwa mchangani, baridi, nyeusi. Mfamasia akaniwekea mkono begani kwa huruma, na sijawahi kutaka kumng'ata mtu kiasi kile.

Kisha shujaa akafika lango la sayari ya saba. Alfajiri. Kibanda. Mzee amepinda mgongo, ana taa mkononi. Akainua taa na kusema: "Nani anabisha? Ingieni, mlango u wazi."

Ukumbi mzima ulivuta pumzi moja.

Sauti ile! Mshona viatu alisimama juu ya kiti. Ni yeye! akapaza sauti. Amejificha ndani ya mlinda lango! Mlinizika mapema! Watu wakainuka, safu kwa safu, wengine wakipiga makofi, wengine wakikumbatiana. Ilikotengenezwa filamu hii, mlinda lango ni mlinda lango. Kwa lugha yetu tu ndiye Bwana Majivu, kwa sababu baba mkwe wangu alihitaji kazi. Ukumbi mzima, ni mimi tu niliyejua hilo, na mke wangu, na yeye.

Mfamasia alivua miwani akaifuta, akavaa, akavua tena. Akanigeukia. Akasema, kwa shida, kwamba huenda fimbo si kila kitu.

Hapo ndipo pa kusema ukweli. Niligeuka nyuma. Baba alikuwa ananitazama katikati ya watu wanaoshangilia sauti yake, mgongo umenyooka, skafu shingoni. Mke wangu alikuwa anatikisa kichwa polepole, kushoto, kulia, kushoto.

Nikasimama kwenye kiti.

"Niliwaambia!" nikasema.

Njiani baba alirudia mara mbili kwamba alikuwa mlinda lango tu. Lakini kila aliyepita alimwomba aseme mlango u wazi, naye alisema, kila mara, bila kuombwa mara ya pili. Sijawahi kumwona akitembea haraka vile. Goti limepona.

Jumatatu, 18 Machi

Uenyekiti umebaki kwangu, bila kupingwa. Mfamasia ameomba kuwa katibu.

Ila amekuja na hoja mpya, nyoka yule. Anakubali kwamba Bwana Majivu yumo ndani ya mlinda lango. Lakini anauliza: mlinda lango anajua? Au Bwana Majivu amelala ndani yake bila mwenyewe kujua? Nilisema anajua. Nilisema kwa nguvu sana. Nilisema Sehemu ya Nne itathibitisha, na nimeweka uenyekiti.

Leo asubuhi kampuni imempigia baba. Watu wamepiga simu mno kuuliza habari za mzee yule. Baba hakutuambia alichoambiwa. Alitabasamu, akachukua taulo, akaingia bafuni. Sasa nimesimama nikiandika haya, na kwa mbali naisikia sauti ikianza, nzito, polepole. Maneno siyapati.

Nimeapa kuhusu korido, na kiapo ni kiapo. Sitakanyaga korido. Ila stoo imepakana na bafu ukuta kwa ukuta, na stoo haikutajwa na mtu yeyote. Simu ina chaji ya kutosha. Ni kwa masikio yangu peke yangu.

Na bomba halilii tena. Itatoka safi.